Kava la Kioo

Jumapili, Limbani, Wete. Gari kivulini mwa ukuta.
Kava la kushoto limekwaruzwa na geti la Bi Mkasi;
yeye asema gari ndilo lililolifuata geti.

Bisibisi sikuitaka, chuma huacha kovu.
Nikatwaa upawa, nikapenyeza mpini nyuma ya kioo
taratibu,
kama apimaye jino la mtoto lililolegea.
Ta! Klipu ya kwanza.
Ta! Ya pili.
Ya tatu ikakatika. Faki akacheka;
nikamtuma gundi.

Ndani, vumbi la nchi nyingine
na jani dogo, jekundu, kavu:
si la mkarafuu, si la mdalasini.

Nikapaka rangi, nikangoja ikauke.
Nikalirudisha jani kwanza,
pale pale.
Kisha kava.
Ta.