Baiti Sufuri

Luthuli, ghorofa ya tatu, chumba chenye harufu ya lehemu.
Mbinya akaiweka kompyuta mezani kwangu,
waya wa chaji umefungwa kwa kipande cha leso.
"Inasema imejaa. Imejaa nini?
Mimi napiga chapa viapo tu, nje ya korti ya Makadara.
Kiapo hakina uzito, fundi. Ukurasa, muhuri, kwisha."

Kibandiko kilisema mia tano.
Mashine yenyewe ikakiri mia nne sitini na tano.
Huo si wizi, nikamwambia,
muuzaji ana gorogoro lake na mashine ina lake,
na wewe wajua gorogoro la Gikomba lilivyobonyea kitako.
Akacheka kidogo. Nikachukua kalamu:
sijumlishi kwa macho.

Viapo, kumi na mbili.
Picha za kipaimara, tisa.
Mahubiri ya mteja aliyesema "niwekee, narudi kesho,"
thelathini na moja, na kesho haijafika.
Mfumo wenyewe, arobaini.
Jumla tisini na mbili, nyuma ya risiti ya unga.
Nafasi iliyosalia kwenye diski: hakuna.

Basi gigabaiti mia tatu sabini na tatu zimelala kwa nani?

Nikamwaga pipa la taka: punje.
Nikaviamuru vilivyofichwa vijitokeze,
vikatoka vimekunja uso, vyepesi vyote.
Nikafuta nakala za jana na juzi
ambazo mashine hujiwekea
kama bibi anayefunga noti kwenye pindo la kanga:
ishirini zikarudi.
Nikaipima diski nzima, sehemu kwa sehemu.
Stima ikapotea, ikarudi, tukaanza upya.
Chini barabarani wauza spika walikuwa wakijaribu besi
na bisibisi zangu zikitembea zenyewe mezani.

Ndipo nikaiona folda moja, jina refu lisilotamkika,
na ubavuni: baiti sufuri.
Miaka kumi na mmoja katika kazi hii
na sufuri bado hunitisha kuliko mia.
Mashine ikifungiwa mlango haisemi "sijui."
Hufanya kama karani wa sensa mwenye haraka:
hubisha mara moja, huandika "hakuna mtu," huenda zake.

Nikajipa umiliki. Mlango ukakubali.
Ndani, faili moja. Maandishi matupu.
Gigabaiti mia tatu hamsini na mbili.

Nikasoma mkia wake:
printa haipatikani, najaribu tena
printa haipatikani, najaribu tena
mara kadhaa kila sekunde, mchana,
na usiku pia, maana Mbinya haizimi,
anahofia haitawaka.

"Printa gani?" nikauliza.
Akatazama dirisha.
"Ya Nasipondi. Tulikuwa na meza moja miaka sita.
Akaniambia nimekosea hesabu ya kodi.
Sikukosea."
Kisha: "Mstari wa kwanza ni wa lini?"
Jumanne, mwezi wa Machi, saa nne na dakika kumi na moja.
"Ndiyo," akasema. "Alichomoa waya mwenyewe.
Mimi nilikuwa nampigia mtu kiapo, sikuinua kichwa."

Nikaifuta. Utepe mwekundu ukageuka buluu.
Mia nane, nikamwambia; akalipa mia tano
na akasema iliyobaki niandike, atarudi kesho.

Mlangoni, kompyuta kwapani, akageuka.
"Na hiyo printa, huko iliko, nayo huandika?"
Printa haina diski, mama, nikamjibu,
akaanza kushuka ngazi.
Alikuwa ghorofa ya kwanza nilipokumbuka
kwamba nyingine zinayo.