Kubangua

Skrini ilizima katikati ya jina la Mzee Nangonga,
kilo mia nne na kumi, daraja la kwanza,
ikaandika, weupe juu ya weusi: nakala hii si halali.
Foleni nje ikanitazama kama mimi ndiye mwizi.

Na kweli tuliiba. Diski ya elfu tano, stendi ya Mtwara,
virusi ndani yake kama dumuzi kwenye mahindi.
Bei ya halali niliuliza:
gunia zima la korosho kwa kila kompyuta,
na ufunguo wake hukukalisha sebuleni tu.
Jikoni hukaribishwi.

Korosho zetu huondoka Kitangari na maganda yake,
zikarudi zimemenywa, pakiti inang'aa,
hatuzinunui.
Mama alibangua miaka kumi na moja.
Mafuta ya ganda yakamla vidole
hata siku ya kusajili laini
mashine haikumwona mtu pale.
Lakini kila alichokishika alijua kina nini ndani.

Akapanda Somoe Chilumba, fundi, kutoka Mtwara,
flashi yake kaifunga kwa uzi wa ukili.
"Hii ni ya bure."
"Rahisi ghali," nikamjibu. "Bure je?"
Hakubisha.
"Ukipewa mbegu, ukapanda, ukamgawia jirani,
polisi watakuja?"
"Hapana."
"Basi."

Saa moja na nusu, mashine ile kongwe ikazinduka.
Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri.
"Hili wanaliita ganda."
Nikacheka hadi mpima mizani akachungulia mlangoni.
Ganda!
Nikaweka vidole. Halikuchoma.

Printa bado inagoma, siwafichi.
Stakabadhi za wiki ya kwanza niliandika kwa mkono,
mwenyekiti akanuna mpaka Ijumaa.

Ila kwenye menyu palikuwa na neno baya:
"Okoa," kana kwamba faili linazama.
Nikaandika "Hifadhi," nikalituma kwa wenyewe,
chini yake jina langu, Hawa Nampembe, Newala.
Mwezi wa pili likarudi ndani ya masasisho,
kwetu, na Tandahimba,
na sijui wapi kwingine watu wanahifadhi.

Mama akauliza wamenilipa shilingi ngapi.
Nikamshika vile vidole, laini, havina mistari.
"Hawajalipa, mama.
Nimebangua tu."