Mwandiko Mzuri

Umeuliza, Bi Somoe, kile cheti ukutani
kinazuia nini, mvua au mwizi.
Kaa kwanza. Stika ya pikipiki ya mwanao haikimbii.

Kangomba unaijua.
Mtu anabisha hodi mwezi wa nane, njaa imetangulia ndani,
anakupimia kwa bakuli lake korosho ambazo bado ni maua,
na hakuna aliyewahi kulipima lile bakuli.

Kaka yangu Chinduli aliuza bima vivyo hivyo.
Shati la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni,
kitabu cha risiti cha dukani.
Maneno alikuwa nayo. Mwandiko hakuwa nao.
Mwandiko ulikuwa wangu, kidato cha pili,
kwa mwanga wa kibatari:
Imepokelewa. Ghala. Moto. Mwaka mmoja.
Nilipenda kuuremba mkia wa g.

Ghala la mzee Likwata liliungua Novemba,
magunia mia na kumi na mawili.
Mafuta ya maganda yaliwaka siku mbili,
na ukungu wa Newala ukabaki na harufu ile
hata watoto wakakohoa shuleni.
Akashuka Mtwara mjini na karatasi yangu
ameikunja mara nne ndani ya kofia.
Kampuni wakatafuta jina lake: halipo.
Wakatafuta jina la kaka: halipo.
Karani akamrudishia, wala hakukejeli:
"Aliyeandika ana mwandiko mzuri."

Haya alinisimulia mwenyewe,
akinisogezea kiti. Hakujua.

Basi nikakaa darasani na mvi zangu za kwanza,
nikafanya mtihani, nikasubiri.
Sahihi ile ya chini ni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.
Wao ndio wapimao bakuli.
Leseni ina tarehe yake ya kufa, isome;
siku hiyo, hata uje na pesa mkononi, nitakufungia mlango.
Na nikikudhulumu, unapo pa kunishitaki,
si kwa mjumbe, si kwa Mungu peke yake.

Usiniamini mimi.
Toa simu, hakiki namba ya stika kabla hujatoa senti.
Risiti inatoka kwenye mashine, ina sura mbaya, ndiyo.

Mzee Likwata?
Yupo. Kila Mei anakuta mfuko wa salfa mlangoni.
Anadhani ni serikali.