Hodi Kumi kwa Mpigo

Jumanne, Swansea, mvua inanyesha kwa ubavu.
Ghorofa ya tatu, juu ya duka la mazulia,
nimepewa hadi saa kumi jioni
nichague mashine ya kutupigia simu.

Tuko tisa. Tunauza bima ya boila.
Hadi leo tumepiga kwa kidole, namba kwa namba;
kidole cha Gwenllian kina sugu kama cha mshona viatu.
Katika simu mia na ishirini
wanaopokea ni kumi na wanane,
wanaosikiliza watano,
anayenunua mmoja,
na huyo Ijumaa hughairi.

Muuzaji amekuja na kompyuta na biskuti zake.
Anaitwa Craddock. Tai yake ina mabata.
Ya kwanza, anasema, hupiga moja baada ya moja,
haijui chai wala msalani.
Ya pili hukuonyesha jina kwanza,
mtaa, na siku mliyoongea mwisho,
kisha hungoja wewe useme piga.
Ya tatu
(hapa akashusha sauti, kama mshenga anayetaja mahari)
ya tatu hubashiri.

Hubashiri nini?
Kwamba watu hawapokei.
Basi hupiga kumi kwa mpigo,
na wa kwanza kusema haloo
unakabidhiwa wewe.

Na wale tisa?
Wengi hawatapokea.
Na wakipokea?
Akachovya biskuti kwenye chai.
Ikakatika, ikazama.

Kwetu Muheza hodi ni deni.
Ukishaibisha, unasubiri;
ukisikia karibu, mguu si wako tena.
Waliobisha na kukimbia walikuwa watoto watundu,
nami nilikuwa mmojawao, na fimbo naikumbuka.
Leo naletewa mtundu wa pauni mia sita kwa mwezi,
mwenye mikono kumi na milango kumi,
na wenye nyumba tisa wanaitika karibu
kwenye kizingiti kitupu.

Machi tuliazima mashine kama hiyo, wiki moja ya majaribio.
Siku ya tatu Bi. Probert wa Clydach akatupigia mwenyewe,
akiifuata namba iliyomwachia ukimya.
Hakugomba. Aliuliza tu:
Ni wewe, Ieuan?
Nikamwambia hapana, mama, hii ni kampuni.
Akasema, maana ilinyamaza
vile anavyonyamaza yeye akitaka kuomba hela.
Kisha akanieleza Ieuan yuko wapi,
au alikodhaniwa kuwa yuko,
dakika kumi na nne.
Jioni ripoti ikaniandika: mzembe.

Tomos anataka ya tatu.
Mkewe atajifungua pacha mwezi wa nane,
na mimi nitamwambiaje kuhusu hodi,
mtu anayehesabu nepi?
Farhiya anataka ya pili,
apate kulijaribu jina ulimini kabla hajalitamka,
Llinos, Llewelyn,
maana ukikosea herufi ya kwanza, anasema,
umeshauza hasira, bima hainunuliwi.
Gwenllian anataka likizo.

Saa kumi kasorobo nikasaini ya pili.
Kwenye nafasi ya sababu nikaandika: gharama.
Si uongo, ni nafuu kwa pauni themanini.
Bi. Probert sikumwandika;
fomu haikuwa na mstari wake.

Tomos hakunisalimia Jumatano nzima.

Alhamisi, saa tatu asubuhi,
jina la kwanza likatokea kwenye kioo chake,
mtaa chini yake, na mashine ikatulia.
Sikuwahi kuona mashine ikisubiri ruhusa.
Akalitazama lile jina. Akakunja uso. Akapiga.
Ikaita.
Nikamwona anahesabu kwa vidole juu ya meza,
moja, mbili,
bila kufundishwa na mtu,
na ya tatu ilipopita kimya
akaweka simu chini taratibu,
kama mtu anayerudisha geti la watu alivyolikuta.