Kuliko

Jumanne jioni, Naryn. Kipimajoto cha dirishani
kimeshuka nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
nami nimepanga viazi vitatu mezani:
kikubwa,
kikubwa kuliko kile,
kikubwa kuliko vyote.
"Neno fupi," nawaambia, "huota mkia.
Herufi mbili likimshinda mmoja,
tatu likiushinda umati.
Neno refu ni mwinyi, halibebi kitu,
hutanguliwa na tarishi."
Burulcha, auzaye ndara za sufu sokoni, anacheka:
kwa hiyo mrembo ana mtumishi,
na mnene anajibebea mzigo wake mwenyewe?
Ndiyo, mama. Ndivyo walivyopanga.

"Na zuri?" anauliza Aiperi, mwenye mtihani mwezi wa tano.
Hapo huona haya kwa niaba ya Waingereza.
Zuri haliongezi mkia. Zuri likitaka kuzidi
hujivua ngozi, hutokea mlango wa nyuma,
hurudi neno jingine kabisa, halina hata salamu.
Na baya vivyo hivyo.
"Msiulize kwa nini. Karirini."
Miaka ishirini na miwili nafundisha
na bado sina jibu bora kuliko hilo.

Jiko la makaa linakohoa. Kiazi cha kati
kimeshachomwa na kuliwa; sisemi na nani.
Tunalinganisha tulichonacho:
farasi wa Turat ana akili kuliko mkwewe,
chai ya leo nyepesi kuliko ya juzi,
Januari ndefu kuliko miezi yote, ingawa kalenda inakataa.
Kisha natoa zoezi: sentensi tano, za nyumbani kwenu.

Sagyn ni dereva. Kiangazi huwapandisha wageni ziwani Song-Köl
akiwaeleza milima kwa viganja.
Anaandika ulimi umechungulia kidogo,
kalamu kaikamata kama spana.
Sentensi ya nne:
Kaka yangu mkubwa ni mdogo kuliko mimi.

Nikaipiga mstari mwekundu.
Ni kosa la kila mwaka. Kwetu kaka ana neno lake,
mdogo mtu ana lake, hawagongani;
kwa Kiingereza ndugu ni ndugu tu
mpaka umvalishe kivumishi kama koti,
na wanafunzi huchukua makoti ya wenzao.
"Umegeuza," nikamwambia. "Mkubwa hawezi kuwa mdogo."

Hakubisha. Alihesabu kwanza kwa vidole,
kama mtu anayehakikisha chenji.
"Alikuwa na miaka kumi na tisa," akasema kwa Kikirgizi,
"mimi kumi na sita. Lori. Kule Dolon.
Sasa mimi nina arobaini na moja."
Kisha akaisoma tena kwa Kiingereza, taratibu,
na ule mkia wa herufi mbili
ulikuwa mahali pake.

Burulcha akamsogezea sahani ya mandazi.
Mimi nikatafuta kifutio, nikijua
wino mwekundu haufutiki.
Nikaandika pembeni: sahihi.
Nilitaka kuliongeza neno lile, kulipa mkia, tarishi, chochote,
lakini sahihi haina kuzidi.
Ikabaki hivyo, ndogo, karibu na mstari wangu.

Sentensi ya tano hakuiandika.

Saa tatu wakavaa kofia. Mlangoni
akasimama akipiga piga glavu pajani.
"Kesho napita tena pale," akasema,
"kuliko na jiwe, kuliko na kona. Hupiga honi.
Mwanzoni nilikuwa namwamkia kaka.
Sasa kila mwaka anazidi kuwa mtoto.
Karibu nimwambie avae vizuri."

Akaenda kupasha injini moto.
Aiperi, daftari kifuani, akaniuliza
kama sentensi ile yaweza kutoka kwenye mtihani.
Nikamwambia yaweza.
Nikakusanya viazi viwili vilivyobaki,
kikubwa
na kile kingine.