Ghorofa ya Pili Hutibu Meno

Mimi ndiye niliyepiga muhuri.
Tuanzie hapo, msije mkanipa sehemu ya mwema.

Kemi, mwezi wa kwanza. Saa nane mchana
taa za barabarani zimekwisha kuwashwa,
na moshi wa kiwanda cha karatasi
umesimama wima, kana kwamba nao umeganda.
Niilo anaingia akipangusa theluji viatuni
mara tatu, kwa adabu,
kama aliyefunzwa na bibi yake
kutochafua sakafu ya watu.

Ana miaka kumi na tisa.
Zamani alikuwa wa jengo la watoto,
lenye samaki waliochorwa ukutani
na daktari aitwaye Marketta
aliyejua hata jina la mbwa wake.
Akatimiza kumi na minane,
na pamoja na keki ikaja barua:
hongera, wewe si wetu tena.
Hakuna aliyemwandikia kuwa sasa ni wa nani.

Alingoja miezi saba. Huzuni haingoji.
Huzuni ilivuta kiti, ikavua viatu,
ikala chakula chake, yeye akitazama.
Ndipo pombe ikabisha hodi,
nayo haina miadi wala orodha ya majina,
ipo dukani hadi saa tatu usiku.

Ghorofa ya tatu, wanakotibu akili, wakamwambia:
Acha kunywa kwanza.
Kaa wiki sita mkavu, ndipo tutajua
ipi ni huzuni na ipi ni chupa.
Ghorofa ya kwanza, kwetu, wanakotibu ulevi, tukamwambia:
Katibiwe huzuni kwanza.
Mtu asiyetaka kuamka
hawezi kukaa kwenye duara la viti vyetu.
Katikati kuna ghorofa ya pili.
Ghorofa ya pili hutibu meno.

Njia mbili zilimshinda fisi, husemwa.
Mimi nasema fisi alikuwa na bahati:
zake zote mbili zilikuwa wazi.

Siku moja nilimkuta ameketi ngazini,
barua mbili mapajani, moja ni yangu,
anazisoma kwa zamu
kama mtoto anayesikiliza wazazi wakigombana
chumba cha pili.
“Tuire,” akaniita. Jina alilisoma kifuani pangu.
“Huzuni yangu na pombe yangu
zinalala kitanda kimoja.
Ninyi mnataka nizilete moja moja?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na muhuri.

Tarehe kumi hakuja. Ishirini na nne hakuja.
Dada yake akapiga simu kutoka Tornio:
yu hai, amelala siku nne,
ameamka jana akaomba supu,
anauliza kama nafasi yake bado ipo.
Nikasema nitaangalia.
Uongo: nilikuwa nimekwisha kuangalia.

Kanuni ni fupi. Asiyekuja mara mbili, faili hufungwa.
Kila asubuhi kompyuta inaniuliza:
Funga? Ndiyo. Hapana.
Mshale unapepesa kama jicho lenye mchanga.
Mimi si daktari. Nalipwa kupanga karatasi,
na nina mkopo wa nyumba, na magoti mabovu.
Siku kumi na moja nimebonyeza Hapana.

Jana nilipanda ngazi.
Nikaipita harufu ya karafuu na mlio wa kekee,
faili chini ya sweta kama mwizi wa kuku,
nikalibwaga mezani kwa nesi wa juu.
Tukazitoa barua zote mbili, yao na yetu,
tukazilaza ubavu kwa ubavu.
Zilipigwa muhuri siku moja.
Kwa wino ule ule; tunaagiza pamoja, kupunguza gharama.

“Huyu ni wetu,” nikasema.
“Wetu nani?” akauliza,
lakini alikuwa ameshavuta kiti.