Barua ya Tatu kwa Idara ya Malalamiko

Burnley, tarehe kumi na tisa Julai.
Kwa Yeyote Anayehusika
(naandika hivyo kwa kuwa hakuna aliyekubali kuhusika):

Mimi ni Hazel Ormerod, mpishi wa shule.
Nyumba yangu ni ya matofali, katikati ya safu,
mlango wa kijani. Mnaijua.
Mlimtuma mpimaji, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole,
akahesabu madirisha, akaandika hata ufa wa jikoni
ambao mimi mwenyewe nilikuwa sijauona.
Miaka tisa mmeishika rehani, tofali kwa tofali,
na bado barua zangu mnazipeleka Accrington,
kwenye chumba nilichohama nikiwa na mimba ya Lorna.

Januari niliomba riba mpya kabla ya ile ya zamani kuisha.
Mkataka hati za mshahara. Nikazituma.
Februari mkazitaka tena. Nikazituma tena.
Machi nikapiga simu:
dakika arobaini na saba za kinanda,
kisha kijana mmoja, sauti ya upole,
"Nimeliandika, mama. Utapigiwa Alhamisi."
Ahadi ni deni.
Langu mnalihesabu hata usiku nikiwa nimelala,
lenu halimo kwenye daftari lolote.
Alhamisi zimepita kumi na saba.

Aprili mosi riba ikapanda.
Yenyewe haikudaiwa hati, haikuambiwa isubiri.
Pauni mia mbili na kumi na nane zaidi kila mwezi.

Clifford hakusema kitu.
Alikwenda uani, akafungua banda,
akawatia vikapuni njiwa wake wa mashindano,
mmoja mmoja, akiwaita kwa majina,
akamuuzia mtu wa Preston.
Aliporudi alilifagia banda tupu.
Hadi leo analifagia.

Ndege hao, mwaka jana, waliachiliwa Ufaransa.
Mvua, mwewe, bahari nzima chini ya tumbo,
na wakatua kwenye bati letu kabla ya chai ya jioni.
Nyinyi mna kompyuta.

Mnauliza nadai nini.
Tofauti ya miezi minne: mia nane sabini na mbili.
Saa sita na dakika ishirini za kusikiliza kinanda.
Bei yake siijui; jikoni kwangu
saa sita ni viazi vya watoto mia mbili,
vimemenywa, vimeiva, vimeliwa, na sufuria zimeoshwa.
Njiwa sijui mtawatia kwenye safu gani.
Na samahani moja, yenye jina la mtu chini yake.
Si "Timu Yako ya Huduma".
Timu haiwezi kuona haya.

Hamsini zenu za "nia njema" nimezipata.
Zilikwenda Accrington, kama kawaida.
Bwana Whitworth, akaaye pale sasa,
ndiye aliyeniletea, kwa baiskeli, kwenye upepo,
kama alivyoniletea zote zilizotangulia.
Hakuwahi kunidai hata senti ya tairi.
Ukarani wenu anaufanya yeye.

Jambo moja zaidi, ingawa halimo kwenye fomu.
Jumapili nilisikia kucha juu ya bati.
Jike wa kijivu, yule mwenye unyoya mweupe,
ametoka Preston kwa miguu ya mbawa zake,
amesimama kwenye mlango wa banda kama aliyechelewa kazini.
Clifford akampigia mnunuzi saa ileile.
Simu ikapokelewa mlio wa pili.
"Ken hapa," akasema. "Mwache apumzike. Nitakuja Jumamosi."
Basi.
Dakika moja na nusu; nilikuwa nachungulia saa.
Na Jumamosi Ken alikuja.

Msiponijibu kufikia mwisho wa mwezi
faili lote nalipeleka kwa msuluhishi.

Wenu (kwa mujibu wa mkataba, hadi mwaka wa ishirini na tano),
H. Ormerod

Nyongeza: tafadhali, safari hii msijibu Accrington.
Bwana Whitworth goti linamsumbua.